Dole la Baba

Wino ulikuwa wa buluu, ule wa muhuri. Naukumbuka kwa sababu ulikaa kwenye dole gumba la Baba siku tatu. Kila Mama alipomwosha alilisugua kwa kitambaa cha maji ya moto, nao ukawa unafifia tu, hautoki kwenye mistari ya ngozi.

Ulikuwa mwezi wa pili tangu Baba apigwe na kiharusi. Alikuwa amelazwa kitanda cha kamba ukumbini, nyumbani kwetu nje kidogo ya mji wa Wete, Pemba, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia mzito kama gogo. Hasemi. Ukimwita anageuza macho. Siku nyengine anakuminya vidole, siku nyengine anakutazama kama mpita njia. Asubuhi hiyo Ami alikuja na karatasi na kibati cha wino. Karatasi ilikuwa ya kukodisha mikarafuu: alipatikana mtu wa Chake Chake aliye tayari kutoa pesa kabla ya msimu, kisha achume mwenyewe. Na pesa tulizihitaji. Dawa za presha, nepi, mtu wa kumfanyisha mazoezi ya viungo, nauli za boti kwenda na kurudi Unguja. Ami alikuwa na nia njema, nalisema hili mapema kwa sababu mtaani lilizungumzwa vyengine. Alimpenda kaka yake, na aliona shamba limekaa huku mwenye shamba anakosa dawa.

Akaushika mkono wa Baba, ule wa kushoto uliobaki na nguvu kidogo, akalibonyeza dole kwenye wino. Hapo Mama akatoka jikoni na upawa mkononi.

"Shemegi," akasema, "huyu hajui anachokitia dole."

Hakupandisha sauti. Ami alibaki ameushika mkono hewani, karatasi mapajani, na mimi nimesimama mlangoni nimepigwa na butwaa. Kisha akaushusha taratibu, akauweka kifuani kwa Baba kama mtu anayemlaza mtoto. Karatasi akaikunja. Hakuna aliyesema neno mpaka adhana ya adhuhuri.

Tangu siku ile nimekuwa nikiulizia, kusoma na kusumbua watu, na ninayoandika hapa ndiyo niliyoyapata. Sisi watu wa visiwani tunazijua karatasi mbili. Ya kwanza ni wasia, karatasi ya mtu aliyekufa. Ya pili ni uwakala, karatasi ya mtu aliye hai lakini yuko mbali. Baba hakuwa amekufa wala hakuwa mbali. Alikuwa ukumbini. Na kwa mtu wa namna hiyo hatukuwa na karatasi yoyote.

Mtu asidhani Baba alikuwa mzembe. Alisomesha chuo cha Qur'ani miaka mingi, na ile Hadithi ya Ibn Umar, iliyomo katika Bukhari na Muslim, nilianza kuisikia kwake: haimpasi Muislamu mwenye kitu cha kukiusia alale siku mbili ila wasia wake umeandikwa na uko kwake. Alikuwa akiisomesha. Lakini kusomesha ni jambo moja, na kukaa na kalamu ukaandika "nitakapokufa" ni jambo jengine. Miaka miwili kabla ya maradhi, tumekaa barazani, nilimuuliza kwa upole kama ameshaandika. Akanitazama. "Mwanangu, unanichuria?" Hakukasirika, ila uso wake ulibadilika, nami nikanyamaza. Uchuro, kumtabiria mtu baya, ni kitu kizito kwetu. Mtoto wa kike kumuuliza baba yake habari za kufa ni kama kumtandikia jamvi la matanga angali anakula. Hata hivyo najuta kwamba nilinyamaza. Laiti ningemwambia kuwa sikumuulizia kifo. Nilimuulizia siku ambayo atakuwepo na sisi tusijue anataka nini.

Karatasi moja tulikuwa nayo, na tuliishika kama mtu anayezama ashikavyo ubao. Baba alikuwa amempa kaka yangu hati ya uwakala, iliyoandikwa na wakili, ina mashahidi na muhuri, ili amshughulikie mambo yake Unguja. Kaka akaenda nayo benki. Karani akaisoma yote, kisha akauliza mzee yuko wapi na hali yake ikoje. Kaka hajui kusema uongo, akaeleza. Yule karani akaifunga hati na kumrudishia: mwenyewe akishapotewa na fahamu, hii haifanyi kazi tena.

Siku ile tulimlaani. Baadaye nikajua kwamba alikuwa sahihi, kwa dini na kwa sheria. Wakala ni mkono wa mtu, na mkono unaishi kwa kichwa. Katika fiqhi ya Kishafii tunayoifuata wengi wetu, uwakala unabatilika kwa kifo, kwa wazimu, hata kwa kuzimia. Na Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo Waingereza waliisambaza hadi pwani yetu, inasema vivyo hivyo: uwakala unakoma aliyeutoa anapofariki au anapopotewa na akili. Na nikifikiri vizuri, yule karani angefumba macho, basi kila mwenye karatasi angeweza kumkausha mgonjwa asiyeweza kusema "sikukutuma". Lakini tazama ubaya wake: ile siku unayomhitaji wakala kuliko siku zote, ndiyo siku uwakala wake unapokufa.

Dada yangu anaishi Uingereza na kazi yake ni kuwatunza wazee. Nilipomweleza kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akasema kwao kuna dawa ya jambo hili. Sheria yao ya mwaka 2005 kuhusu uwezo wa akili imeweka uwakala wa aina nyengine, ulioanza kutumika Oktoba 2007, ambao haufi akili ya mwenyewe inapoondoka. Upo wa mali na pesa, na upo wa afya na matunzo, na huu wa afya hautumiki kabisa mpaka mwenyewe ashindwe kujiamulia. Lazima uandikwe mtu akiwa na akili timamu, athibitishe mtu mwengine kwamba mwandishi anafahamu anachofanya na hakushurutishwa, kisha uandikishwe katika ofisi ya serikali. Wazee anaowatunza wengi wanao. Dada alikuwa analia. "Mimi kila siku ninasoma karatasi za wazee wa watu," akasema, "na za babangu sina."

Sisi tulielekezwa mahkamani. Sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, alikataa katakata kugonga muhuri kwenye karatasi yoyote ya mtu asiyeweza kuitamka, na Mungu amlipe kheri kwa kukataa. Msaidizi wa sheria wa wilayani kwetu ndiye aliyetufahamisha cha kukusanya: cheti cha daktari, barua ya sheha, mashahidi, majina ya watu wote wa nyumbani. Nilifikiri kumwekea Baba msimamizi ni jambo la kizungu, mpaka mzee mmoja pale nje ya mahkama akanikumbusha aya ya 282 ya Suratul Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya kuandikiana madeni. Nimeisikia tangu utotoni na sikuwahi kusita pale pasemapo kuwa mwenye deni akiwa ni mpumbavu, au mnyonge, au hawezi kuandikisha mwenyewe, basi walii wake aandikishe kwa uadilifu. Kwa uadilifu. Mtu kama Baba alikuwa ameshatajwa, na sharti la anayemsemea limeshawekwa, kabla ya benki zote hizi.

Lakini mahkama ina mwendo wake. Tuliitwa, tukaambiwa turudi, shahidi mmoja akawa baharini, tarehe ikasogezwa. Shauri lilikuwa halijesha Baba alipofariki. Muda wote huo mikarafuu ilisimama, na msimu ulipofika tuliona karafuu zimewiva na hakuna hata mmoja aliyekuwa na haki ya kumwambia mchumaji apande. Nyingi zilidondoka. Mtu wa Pemba anajua maana ya kutembea shambani ukakanyaga karafuu zilizodondoka chini ya mkarafuu wa baba yako.

Ya hospitali ndiyo yaliyotuumiza zaidi. Kiharusi cha pili kilimkuta Unguja tulikompeleka kwa vipimo. Daktari, kijana mpole, alitukusanya kwenye korido akauliza mambo mawili. Kwanza, tumtie mpira wa chakula puani? Pili, moyo ukisimama, tumkandamize kifua kuuamsha, au tumwache? Akaongeza: "Nani kati yenu anamsemea mzee?"

Tukatazamana. Kaka akasema fanyeni kila kitu. Dada kwenye simu, ambaye kazi hii anaijua kwa mikono yake, akasema msimvunje mbavu babangu. Mama hakusema kitu, akajifunika uso kwa ukingo wa buibui. Na mimi nilikuwa na neno ambalo sikujua nilifanye nini. Miaka ya nyuma, kaka mkubwa wa Baba alipofia hospitali amezungukwa na mipira, Baba alirudi mazikoni, akakaa barazani, akaniambia: "Mimi nikifika pale nirudisheni nyumbani. Nataka nisikie adhana ya msikiti wetu." Nilikuwa peke yangu nilipolisikia. Nikalisema pale koridoni, na Kaka akaniuliza, kwa sauti ambayo mpaka leo tunaombana radhi kwa ajili yake, kama nina shahidi.

Hakuwa na haja ya kuniuliza kama Baba angelikuwa ameandika mistari miwili na kuwasomea watoto wote. Na wala si jambo la kukiuka dini, maana wengi wanaogopa hilo. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Amman, Jordan, Oktoba 1986, likapitisha kwamba ubongo ukishakufa kabisa na madaktari mabingwa wakathibitisha kuwa haurudi, inajuzu kuondoa mashine hata kama moyo bado unapigishwa nayo. Baba hakufikia huko, ubongo wake haukuwa umekufa, kwa hiyo uamuzi ule haukumhusu moja kwa moja. Ila ulinionyesha kwamba wanavyuoni wamekaa na madaktari wakalijadili hili waziwazi, huku sisi wanawe tumeshindwa kulijadili barazani.

Tulirudi naye Pemba. Mama ndiye aliyeamua, akiwa ameshaona kwamba watoto watagombana. Baba alifariki siku ya nne, baada ya alasiri, nyumbani. Adhana aliisikia au hakuisikia, Mungu ndiye ajuaye.

Baada ya khitma ndipo tulipofungua sanduku lake. Chini ya kanzu za Idi palikuwa na daftari la kaunta, jalada jekundu limeliwa na mende, limeandikwa kwa kalamu tatu tofauti, kwa herufi za Kiarabu na Kiswahili chetu ndani yake. Baba alikuwa ameandika. Hakuandika wasia, maana hakuliita hivyo na hakulitia shahidi, lakini aliandika aliyoyaogopea. Anadaiwa laki mbili na fundi aliyepaua choo. Anamdai mtu fulani wa Ole, "akishindwa nimemsamehe". Kisha ukurasa mmoja wenye mstari mmoja tu, kwamba kilichofungwa kwenye kitambaa cheupe si chake, ni amana ya jirani, bangili mbili, arudishiwe mkononi mwake mwenyewe. Kitambaa kilikuwepo. Jirani yule ni bibi wa watu, hajawahi kumwambia mtu. Tungelizigawa bangili zake kama mirathi, kwa bismillahi, na yeye angenyamaza kwa haya.

Na mbele zaidi: "Mikarafuu kumi na mmoja, kutoka mfenesi mpaka mtoni, ni ya mke wangu. Kainunua kwa dhahabu yake." Wasomaji wa kwetu wanaelewa, lakini kwa asiyejua: visiwani mti una mwenyewe wake, na mwenye mti si lazima awe mwenye ardhi. Mipaka hiyo ilikuwa kichwani kwa Baba. Zaidi ya daftari lile haikuandikwa popote.

Mstari ule ulikuwa na uzito gani? Katika mali ya marehemu hutoka kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, na kinachobaki ndicho mirathi. Aya ya 12 ya Suratun Nisaa inampa mke thumni, yaani moja ya nane, pakiwa na watoto, na aya ya 11 inampa mtoto wa kiume fungu la wanawake wawili. Kwetu sisi, mke mmoja, mwana mmoja na mabinti wawili, hesabu ilitoka mafungu 32: Mama 4, Kaka 14, Dada 7, mimi 7. Bila ya daftari, mikarafuu ya Mama ingeingia kwenye chungu kimoja na yeye angerithi thumni ya mali yake mwenyewe. Kaka alilisoma mstari ule kwa sauti mbele ya watu, mara mbili, na hapo ndipo yalipoishia ya korido baina yetu. Kipande cha eka tatu alichopewa babu baada ya Mapinduzi kina taratibu zake serikalini, hakikugawiwa pale, nacho kinataka makala yake.

Nimeshaandika ya kwangu. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, sina mali ya kutajwa, nina kiwanja na deni la mkopo, lakini nimeandika. Madeni na amana kwanza, kwa tarehe na majina. Wasia baadaye, na hapo nilijifunza kujizuia: nilitaka kumuachia binti yangu zaidi kwa sababu ananisaidia, nikakumbushwa kwamba hakuna wasia kwa mrithi ila warithi wenziwe waridhie, na kwamba Saad bin Abi Waqqas alipotaka kutoa mali nyingi aliambiwa na Mtume, rehma na amani zimshukie, kuwa ni thuluthi, na thuluthi nayo ni nyingi. Ukitaka kumpa mwanao kitu, mpe leo, hiba, mkabidhi akishike, ungali mzima. Ukingoja maradhi ya mauti, hiba yako inahesabiwa kama wasia. Uwakala nimempa mume wangu, nikijua utakapokomea, na akaunti ya pesa za nyumba tumeifanya ya saini ya yeyote kati yetu. Nimeandika pia jina la mtu ninayemtaka mahkama imteue ikibidi, ingawa najua neno la mwisho ni la hakimu. Wakili aliniambia andika, hakimu akiona hati ya mkono wako uliyoandika ukiwa timamu ana cha kushikia.

Na ukurasa wa hospitali. Huo niliuandika mara nne. Unasema nani awasikilize madaktari, nini nakiogopa, nini sikiogopi, na kwamba uchungu upunguzwe hata kama dawa zinanilaza. Nimewasomea watoto wangu wote pamoja, chakula kimeshaliwa, mlango umefungwa. Mdogo aliondoka katikati. Nilimwacha aende, alirudi mwenyewe.

Mama nilimwogopa zaidi, kwa ajili ya lile neno uchuro. Nikapanda boti Ijumaa, nikaweka daftari jipya mkekani, sijasema kitu. Alilitazama. Akaenda kunawa, akarudi akakaa, akasema, "Haya, anza na dukani. Ninadaiwa pishi mbili za mchele." Tuliandika mpaka magharibi. Mikarafuu yake kumi na mmoja, kila mmoja na alama yake: wenye tawi lililokatwa, wenye mzinga wa nyuki, ule mrefu usiochumika bila ngazi. Kanga zake alizitaja kwa maneno yaliyoandikwa juu yake. Alipofika ukurasa wa hospitali alisema sentensi moja tu, nami nikaiandika kama ilivyo, na haitaki kusomwa na mtu mwengine.

Kaka akaja na mashahidi wawili wa msikitini. Alikuwa amechukua kibati cha wino, kwa kuwa Mama hakwenda skuli. Mama alikisukuma pembeni kwa mgongo wa mkono, akaomba kalamu. Chuoni alikwenda. Akaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia, pole pole, akainyanyua kalamu, akatia nukta moja aliyokuwa ameisahau.

"Nisomee tena pale pa mchele," akasema.